Si gesi, ni kipimo: Funzo la magari ya mbio kwa barabara ya Garissa

GESI ya naitrojeni, ambayo kwa miaka mingi ilihusishwa na ndege na magari ya mbio, sasa inauzwa katika baadhi ya vituo vya mafuta nchini, na wengi huiamini kuwa kinga dhidi ya kupasuka kwa matairi. Kwa mmiliki wa basi linalotoka Nairobi kupitia Mwingi hadi Garissa, safari ya takriban kilomita 370 inayoishia katika joto la zaidi ya nyuzijoto 35, ahadi hiyo inavutia mno.

Hata hivyo, upepo wa kawaida tayari una asilimia 78 ya naitrojeni. Isitoshe, naitrojeni hutanuka kwa joto sawa na upepo mkavu. Tairi la lori lililojazwa alfajiri hadi pauni 100 kwa kila inchi ya mraba, kukiwa na nyuzijoto 24, litafika takriban pauni 114 joto lililomo ndani likipanda hadi nyuzijoto 60. Gesi yoyote kati ya hizo mbili italifikisha hapo.

Kwa nini basi wanamichezo wa magari huipenda? Sababu kubwa ni ukavu wake. Pampu ya kando ya barabara husukuma unyevu pamoja na upepo, na maji hayo yakigeuka mvuke, presha hupanda kwa namna isiyotabirika. Katika mashindano ya Formula One, tofauti ndogo ya presha hubadilisha jinsi tairi linavyoshika barabara.

Kwa ndege, sababu ni moto. Mnamo Machi 1986, watu 167 waliangamia nchini Meksiko baada ya tairi la ndege ya shirika la Mexicana, lililojazwa upepo badala ya naitrojeni, kulipuka kutokana na joto la breki.

Tofauti kubwa ya utendaji wa matairi ya mbio imo katika mpira wenyewe. Mpira laini hushika barabara vyema lakini huisha upesi. Mgumu hudumu ila huteleza zaidi. Ndiyo maana katika Safari Rally, iliyorejea kwenye mashindano ya dunia mwaka wa 2021 huko Naivasha baada ya kukosekana tangu 2002, uteuzi wa tairi kwa ajili ya mawe na vumbi ni jambo la kupimwa, si la kubahatisha.

Madereva wa Kaskazini Mashariki wana maarifa kama hayo. Wanapokabili mchanga hupunguza upepo ili tairi litandae lisizame. Hatari huanza wanaporudi kwenye lami na kushika kasi bila kuujaza tena. Wengine huutoa adhuhuri, wakiona presha imepanda, ilhali kupanda huko ni kwa kawaida na watengenezaji wa matairi hukuzingatia. Tairi likipoa, hubaki na upepo haba.

Tairi lenye upepo haba hujikunja kuta zake kila linapozunguka. Kujikunja huko huzaa joto, joto huachanisha tabaka za mpira na nyuzi, na hatimaye tairi hupasuka. Mzigo wa kupita kiasi huharakisha balaa hiyo. Aidha, mpira huzeeka hata ukionekana mzima. Tarakimu nne ubavuni mwa tairi hueleza umri wake: 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka wa 2019.

Funzo kuu la mashindano lilitolewa Indianapolis, Marekani, mwaka wa 2005. Kampuni ya Michelin ilipokiri kwamba haingeweza kuyadhamini matairi yake kwenye kona moja yenye kasi, magari 14 yaliondolewa kabla ya mbio kuanza na sita pekee yakashindana. Mashabiki walighadhabika, lakini hakuna dereva aliyehatarishwa.

Basi lililojaa abiria lina sababu kubwa zaidi ya kuzuiliwa stendini tairi lake likitiliwa shaka. Anayetaka naitrojeni ainunue, mradi asiifanye badala ya kipimo cha presha kinachotumiwa kila alfajiri, tairi likiwa baridi. Kipimo hicho ni cha bei nafuu, na ndicho wanachokitegemea hata wale wa magari ya mbio.