Ruhusa Iliyotolewa na Kijana wa Saiba

Mwaka 2025, Mbunge wa Aldai Marianne Kitany aliwasilisha Bungeni mswada wa kurekebisha Sheria ya Habari na Mawasiliano. Mswada ulitaka kila kampuni ya intaneti impe mteja wake namba ya mita, ifuatilie matumizi yake, iyageuze kuwa maelezo yanayosomeka, kisha imtoze kwa kadiri alivyotumia. Wakenya waliupokea kwa hasira, na walikuwa na haki. Mita ya stima haijui kama umepiga pasi au umewasha redio. Mita ya mtandao iliyofungwa kwa jina la mtu ni jambo jingine kabisa.

Kinachonikera ni kimya kilichopo upande wa pili. Fani iliyotoa sauti kali dhidi ya mswada ule, yaani fani ya watengenezaji na waendeshaji wa tovuti, ndiyo hiyohiyo inayowasha kwenye seva zake chombo kinachomwona mtumiaji kwa karibu kuliko mita yoyote ambayo Bunge lingeweza kuamuru. Kampuni inayokuuzia intaneti huona jina la tovuti uliyoingia na kiasi cha data kilichopita. Ukurasa wenyewe na unachokiandika humo havionekani kwake, kwa sababu tovuti nyingi siku hizi hutumia usimbaji wa HTTPS. Skripti iliyowekwa ndani ya ukurasa haina kizuizi hicho. Imo ndani ya kivinjari chako, upande ambao usimbaji umeshafunguliwa, na inaona unachokiona.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: tovuti yoyote inayohudumia umma haifai kuwa na ufuatiliaji wa kivinjari unaowashwa kiotomatiki na seva, na Ofisi ya Kamishna wa Data inapaswa kusema hivyo kwa maandishi.

Tuanze na jinsi kitu chenyewe kinavyofanya kazi, maana wengi wanaokiidhinisha hawajawahi kukitazama. Zamani aliyetaka kujua kurasa zake zinafunguka kwa kasi gani alibandika skripti kwenye kila ukurasa kwa mkono wake. Leo kampuni kama Dynatrace, New Relic na AppDynamics, iliyonunuliwa na Cisco mwaka 2017, huuza programu inayokaa kando ya seva au ndani yake. Ikishawashwa, kila mara seva inapojibu ombi la ukurasa, programu hupenyeza skripti yake kwenye kichwa cha ukurasa kabla haujaondoka. Hata asiyenunua chochote anaweza kutumia moduli ya sub_filter ya Nginx, au mod_substitute ya Apache, akapata matokeo yaleyale kwa mistari michache ya usanidi. Ukurasa ukifika kwa mtumiaji, skripti huanza kazi. Hupima muda, hunasa hitilafu, huandika kitufe kilichobonyezwa na ukurasa uliofuata, hukipa kivinjari kitambulisho, na kutuma yote hayo kwa seva ya kukusanyia ambayo mara nyingi haiko Kenya. Baadhi ya vyombo hivi vinaweza pia kurekodi kipindi kizima na kukirudisha kama filamu: mshale ulivyotembea, uga uliojazwa, pale mtu aliposita.

Neno la kuzingatia ni kiotomatiki. Aliyeandika ukurasa wa fomu ya hospitali hakuiweka skripti hiyo, na pengine hajui ipo. Wakili aliyeandika sera ya faragha hakuwahi kuona usanidi wa seva. Uamuzi ulifanywa mara moja na mtu wa miundombinu aliyekuwa akitafuta chanzo cha tovuti kuwa nzito, na tangu hapo unatekelezwa katika kila ukurasa, ule wa saa za kufungua ofisi na ule wa kueleza ulemavu wa mtoto.

Madhara ya otomatiki hii yamekwisha kuonekana kwingine. Novemba 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Steven Englehardt, Gunes Acar na Arvind Narayanan, walichapisha matokeo ya kuchunguza tovuti 50,000 zinazotembelewa zaidi duniani. Walikuta tovuti 482 zikiwa na skripti za makampuni yanayorekodi vipindi vya watumiaji. Walionyesha pia kwamba taarifa za magonjwa, za kadi za benki na hata nywila zinaweza kuvujia kwa makampuni hayo, ingawa kulikuwa na njia za kuzificha. Miezi michache baadaye, mapema 2018, kampuni ya Mixpanel iliwaarifu wateja wake kwamba kipengele chake cha kufuatilia kiotomatiki kilikuwa kikikusanya nywila bila kukusudia. Hakuna mtu aliyekaa akaamua kukusanya nywila. Chombo kiliambiwa kichukue kila kitu isipokuwa vile vilivyotajwa, na orodha ya vilivyotajwa ikawa na pengo.

Wanaotetea vyombo hivi wana hoja, na haki inadai zitajwe. Injinia aliyeko Westlands mwenye kompyuta mpya na nyaya za kasi hawezi kujua kwamba ukurasa wake unakwama kwenye simu ya zamani huko Isinya, isipokuwa simu hiyo imwambie. Hilo ni kweli. Wanasema pia kwamba vyombo vya leo hufunika maandishi yanayojazwa kwenye fomu na vinaweza kukata sehemu ya anwani ya mtandao ya mtumiaji. Mara nyingi ni kweli. Lakini anwani ya ukurasa peke yake inaweza kubeba namba ya kitambulisho au jina la huduma, na aliyebonyeza kitufe cha kuomba dawa za kila mwezi ameshajulikana anachotafuta hata kama kila herufi aliyoandika imefunikwa. Hoja ya tatu, kwamba mtumiaji amekubali kwa kubonyeza bango linalotokea chini ya skrini, ndiyo wanayoitegemea zaidi. Hiyo ndiyo nataka tuitazame kwa makini, kwa sababu hapo ndipo jengo lote linapoanguka.

Ukiacha Barabara ya Magadi pale Ongata Rongai ukashika njia ya Gataka, au ukitembea katikati ya Kitengela, utakuta saiba zenye kompyuta chache, printa moja na kijana mmoja au wawili nyuma ya meza. Serikali ilipohamishia maelfu ya huduma kwenye tovuti ya eCitizen mwaka 2023, na bima ya afya ilipohamia SHA tarehe 1 Oktoba 2024, watu wengi wa Kajiado, kaunti ilimo miji hiyo, walihamia kwenye meza hizo. Mama anayetaka kusajili familia yake katika bima huja na vitambulisho mkononi. Mwanafunzi huja kuomba mkopo wa HELB. Mwendesha boda huja kutafuta cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi. Mzee huja na PIN yake ya KRA iliyoandikwa kwenye karatasi iliyokunjwa mara nne, anaikabidhi, kisha anakaa kwenye benchi. Anayeandika ni kijana wa saiba. Mwenye taarifa huona skrini kwa pembeni, kama anaiona.

Sasa lete bango la ruhusa mahali hapo. Kijana anafungua kompyuta asubuhi, anaingia kwenye tovuti kwa niaba ya mteja wa kwanza, bango linatokea, analibonyeza liondoke kwa sababu limefunika kitufe anachokihitaji. Kivinjari kinahifadhi jibu hilo. Mteja wa pili haulizwi. Wa kumi haulizwi. Wa jioni haulizwi, wala atakayekuja kesho, hadi kidakuzi kile kiishe muda wake au mtu akifute. Watu wote hao, katika kumbukumbu za tovuti, wamekubali. Hakuna hata mmoja aliyeliona bango. Na aliyeliona hakuwa mwenye taarifa wala hakuwa na mamlaka ya kuzitolea ruhusa.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haina utata hapa. Inaeleza ridhaa kuwa tamko la wazi, la hiari, mahususi na lenye ufahamu, linalotolewa na mwenye data mwenyewe kwa kauli au kwa kitendo cha dhahiri. Kifungu cha 32 kinaweka mzigo wa kuthibitisha ridhaa hiyo kwa anayekusanya. Basi na athibitishe. Kumbukumbu aliyonayo ni ya mashine. Inasema kivinjari fulani, saa fulani, kilibonyezwa. Haisemi nani alibonyeza, na haiwezi kusema ni kwa niaba ya nani kati ya watu wote waliokaa kwenye benchi siku ile. Mbele ya Kamishna, ushahidi huo hauna kitu.

Wapo watakaojibu kwamba saiba ni jambo la pembeni, kwamba mtumiaji wa kawaida ana simu yake. Jibu hilo limenimalizia subira. Huduma zilihamishiwa mtandaoni kwa amri, na ofisi zikawaambia watu waende wakajaze huko. Asiyeweza kujaza mwenyewe, kwa umri, kwa macho, kwa elimu au kwa kukosa simu inayofaa, alielekezwa saiba na serikali yake. Huwezi kumsukuma mtu apitie mlango mmoja, kisha useme mlango huo hauhesabiki unapopanga ulinzi wake. Hao ndio watumiaji wa umma. Chombo kinachokosea juu yao kimekosea juu ya kazi yake yote.

Na kosa haliishii kwenye ridhaa. Kitambulisho kinachopewa kivinjari hudhani kwamba kivinjari kimoja ni mtu mmoja, kwa hiyo mama wa bima, mwanafunzi wa HELB na mwendesha boda wanaonekana kuwa mtu mmoja mwenye maisha ya ajabu. Ukijaribu kurekebisha hilo kwa kuunganisha kipindi na akaunti iliyoingia, jambo ambalo vyombo hivi vinaruhusu, unazidisha hatari: sasa una orodha ya akaunti za watu wasiojuana zilizotumia mashine moja. Mfumo wa kutafuta ulaghai ukikabidhiwa orodha ya namna hiyo utaona genge. Ukweli ni kwamba hao ni majirani waliopanga foleni.

Tunajua pia Ofisi ya Kamishna inaweza kuchukua hatua ikitaka. Septemba 2023 Kamishna Immaculate Kassait na ofisi yake waliitoza Casa Vera Lounge ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mitandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na Shule ya Roma ya Uthiru shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Mantiki ya maamuzi hayo ilikuwa sahihi: kukaa ndani ya baa si kukubali kupigwa picha na kutangazwa. Kwa mantiki hiyohiyo, kukaa kwenye benchi la saiba huku mwingine akiandika namba yako ya kitambulisho si kukubali mwendo wako ndani ya fomu urekodiwe na kupelekwa ng'ambo. Picha ilivuta hasira kwa sababu inaonekana. Skripti haionekani, na hiyo ni sababu ya kuichukulia hatua kali zaidi.

Kuhusu kasi ya kurasa, njia zipo. Seva yenyewe inaweza kuandika kwenye kumbukumbu zake muda uliotumika kujibu kila ombi. Vivinjari vina kipimo sanifu cha muda wa kufunguka kwa ukurasa ambacho kinaweza kusomwa bila kumpa mtu kitambulisho chochote, kwa sampuli ya maombi machache, na matokeo yakabaki kwenye seva ya taasisi yenyewe hapa nchini. Injinia wa Westlands atajua kwamba Isinya kurasa zinakwama. Hatajua ni nani aliyekwama, na hakuwa na haja ya kujua. Kama kuna ukurasa unaohitaji uchunguzi wa ndani zaidi, skripti ibandikwe humo kwa mkono, na mtu mwenye jina na cheo atie sahihi kueleza kwa nini na hadi lini.

Kifungu cha 41 cha sheria kinadai ulinzi uwe sehemu ya mfumo tangu unapobuniwa, na kwamba bila mtu kugusa chochote zichakatwe taarifa zile tu zinazohitajika kwa lengo mahususi. Upenyezaji wa kiotomatiki huanza kwa kuchukua kurasa zote, kisha humwachia binadamu kazi ya kutafuta za kutoa. Huo ni mwelekeo ulio kinyume na sheria, na hakuna marekebisho ya bango yatakayougeuza.

Tangu tarehe 14 Julai 2022, taasisi zinazokusanya data zinawajibika kujisajili kwa Kamishna na kueleza zinachokusanya na kwa nini. Usajili huo uongezwe swali moja: seva zako huingiza skripti zipi katika kurasa, kurasa zipi, na nani aliyeidhinisha? Taasisi za umma zijibu kwanza. Zipewe muda wa kutosha kuzima skripti zisizo na jibu kabla ya tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za KRA, ambapo benchi za saiba hujaa watu wanaosubiri kijana awajazie fomu.