Umbali Hadi kwa Wakala

Vyuo vikuu vya Afrika Mashariki vimeanza kufundisha teknolojia ya fedha, na vinahitaji wahadhiri wa somo hili. Ajue nini mhadhiri huyo? Wengi watataja kuandika programu, sarafu za kidijitali, akili mnemba. Sikatai. Ila nikiifuatilia kazi ya Tavneet Suri, Mkenya anayefundisha katika shule ya biashara ya MIT nchini Marekani, naona sifa inayotangulia hizo zote: ajue njia ya kufika kwenye kaya, na awe radhi kuirudia mwaka baada ya mwaka.

Suri hakuanza na pesa za simu, alianza na mahindi. Katika utafiti wake wa uzamivu, alioukamilisha Chuo Kikuu cha Yale mwaka 2006, aliuliza kwa nini wakulima wa Kenya wanaoifahamu vizuri mbegu chotara hawaipandi, au wanaipanda msimu huu na kuiacha msimu ujao. Ni rahisi kuwaita wakaidi. Takwimu zilionyesha jambo jingine. Wapo wakulima ambao chotara haiwaongezei chochote, na hao huipanda na kuiacha bila kupoteza kitu. Wapo pia ambao ingewapa mavuno makubwa sana, lakini mbegu na mbolea ziko mbali nao, na gharama ya kuzifikia inaimeza faida yote. Makala ya utafiti huo yalichapishwa mwaka 2011 katika jarida la Econometrica, na hadi leo sijaona hoja bora zaidi ya kumheshimu mkulima kama mtu anayepiga hesabu zake.

Takwimu zile zilitoka Tegemeo, taasisi ya Chuo Kikuu cha Egerton, ambayo kwa ushirikiano na Michigan State ilizirudia kaya zile zile za vijijini kuanzia 1997. Jambo hilo la kuzirudia kaya nataka msomaji alishike, kwa sababu ndilo lililonisukuma kuandika.

Suri alikuja kuzirudia kaya vivyo hivyo kwa ajili ya M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu. Ilijaribiwa Thika mwaka 2005 kama njia ya wakopaji wadogo kurejesha mikopo yao. Watu wakaitumia kutumiana pesa, na kampuni ya simu ya Safaricom ilipoizindua Machi 2007, kutumiana ndiko kulikotangazwa. Mwaka uliofuata Suri na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown walianza kuzihoji kaya, kisha wakazirudia hadi 2014. Swali lao lilikuwa lile la mahindi: umbali. Kaya ikipatwa na ugonjwa, ukame au kupoteza kazi, inakuwaje kama wakala wa M-Pesa yuko karibu, na inakuwaje kama hayupo? Mwaka 2014 walieleza kwamba kaya zisizotumia M-Pesa zilipunguza matumizi kwa asilimia 7 zilipopatwa na msukosuko, ilhali za watumiaji hazikutikisika, kwani pesa ziliwafikia kutoka kwa ndugu na marafiki wengi zaidi. Desemba 2016, katika jarida la Science, walikadiria kwamba huduma hiyo imezitoa kaya 194,000 katika umaskini, sawa na asilimia 2 ya kaya za Kenya, na kwamba wanawake wapatao 185,000 wamehamia kwenye biashara kama kazi yao kuu.

Makadirio hayo yamenukuliwa kila kona, mara nyingi bila msingi wake kusomwa. Mwaka 2019 mtafiti Milford Bateman na wenzake wawili waliyapinga hadharani: biashara ndogo zilizokufa zimehesabiwa wapi, madeni je, na faida ya miamala inakwenda nchi gani? Mimi naona hoja ya umbali inasimama. Hata hivyo maswali hayo ni halali, na yanatuhusu sisi kuliko yanavyowahusu watafiti walioko Marekani.

Yanatuhusu zaidi kwa sababu ya mikopo. Suri na wenzake waliichunguza pia M-Shwari, huduma ya mikopo kwa simu iliyoanza Novemba 2012, kwa kuwalinganisha waliopita kidogo alama ya kukopeshwa na walioikosa kidogo. Waliopita walimudu dharura zao vizuri zaidi. Matokeo hayo ni ya mkopo mmoja, wa benki inayosimamiwa, kwa ada ya asilimia 7.5 kwa mwezi. Hayatoi ruhusa kwa kila programu inayokopesha kwa wiki moja na kuwapigia simu jamaa za mdaiwa ili kumwaibisha. Kenya ilitunga kanuni za wakopeshaji hao mwaka 2022. Nchini Tanzania wananchi wameshaipa mikopo ya namna hiyo jina, kausha damu. Nani amezirudia kaya zilizokaushwa, miaka mitano mfululizo?

Kazi hiyo haiwezi kufanywa na mhadhiri anayefundisha madarasa matano na kupandishwa cheo kwa wingi wa makala. Inahitaji Tegemeo nyingine, ya kaya za mijini na vijijini, inayouliza kila mwaka juu ya salio, makato, kikoba na deni la simu. Benki kuu zetu zinaweza kuzitaka kampuni za simu kuwapa watafiti takwimu za miamala zilizofutwa majina na namba. Mabaraza ya vyuo yanaweza kuhesabu miaka ya ukusanyaji takwimu kama kazi ya kitaaluma. Na kaya zilizohojiwa zisomewe matokeo kwa Kiswahili, kabla ya mkutano wowote wa hotelini.