Kumsaidia Mama Bila Kumlaza

Katika nyumba nyingi yumo mama ambaye mgongo au magoti yamemsumbua kwa miaka. Picha zimepigwa, vidonge vimemezwa, mafuta ya kuchua yamepakwa, na maumivu yapo palepale. Watoto wema humwambia: "Mama, pumzika, usiguse kitu." Wanasema kwa mapenzi, na kwa mapenzi hayohayo misuli yake inazidi kusinyaa.

Maumivu yakivuka miezi 3 wataalamu huyaita sugu. Aghalabu hapo kuumwa si dalili tena kwamba kuna kitu kinakatika ndani. Shirika la Afya Duniani, lililokadiria kuwa watu milioni 619 waliumwa kiuno mwaka 2020, lilitoa mwongozo mwaka 2023 likatanguliza elimu na mazoezi. Mikanda ya kiuno, ambayo wengi wetu tumeinunua kwa fedha za kudunduliza, halikuipendekeza.

Lililo gumu ni kipimo. Siku mama anapoamka mwepesi hufua, akakuna nazi, akafagia uani, kana kwamba analipa deni la siku alizolala. Kesho yake hainuki, wala kesho kutwa. Miezi ikipita huamini kwamba kazi ni adui wake. Basi na aangalie anaweza kukaa kwenye mbuzi kwa muda gani kabla maumivu hayajapanda. Ikiwa ni dakika 10, ainuke ya 7, atembee kidogo, kisha arejee. Afanye hivyo siku nzuri na siku mbaya sawasawa, na baada ya wiki moja au mbili aongeze dakika 1. Ni mwendo wa kobe, na mabinti wenye haraka hawaupendi. Kutembea nako ni vivyo hivyo. Mwenye goti bovu akisimama na kuketi kitini mara chache kila siku, hutia nguvu mapaja yanayolibeba goti hilo.

Familia nayo ibadili swali: "Leo umepanga kufanya nini?" badala ya "Panauma wapi?" Ndoo ijazwe nusu. Jiko liinuliwe juu ya matofali. Kazi hiyo baba anaiweza.

Katika swala, ruhusa ipo tangu Imran bin Huswayn (r.a.), aliyekuwa na bawasiri, alipoelekezwa na Mtume (s.a.w.) aswali kwa kusimama, akishindwa akae, akishindwa alale ubavu. Mama asimame pale anapoweza, aketi pale asipoweza. Undani wake amuulize imamu wake.

Kumeza diklofenaki ya dukani wiki baada ya wiki huharibu tumbo na figo, na mwenye shinikizo la damu ndiye wa kuhofia zaidi. Ikitokea ganzi sehemu za siri, mkojo kuziba au kutoka wenyewe, au mguu kulegea ghafla, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Maumivu ya mgongo yanayofuatana na homa au kukonda nayo yasisubiri, kwani kifua kikuu huingia hata katika uti wa mgongo.