Uvunguni mwa Gari



Si kawaida ya ukumbi huu kuzungumza habari za magari. Mniwie radhi leo, kwani siku moja ya kutazama magari ya kale imenifumbua macho juu ya jambo lililokuwa uani kwetu kwa miaka sita.

Mume wangu alikuwa na hamu ya siku nyingi ya kuliona onyesho la Concours d'Elegance, lililoanza mwaka 1970 na ambalo hufanyika Nairobi katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Tukapanda treni Miritini na watoto siku ya Jumamosi, tukalala kwa dada yangu South C, na Jumapili asubuhi tukafika uwanjani na chupa ya chai na mahamri yetu.

Nilidhani mshindi ni yule ambaye gari lake linang'aa kuliko mengine. Kumbe sivyo. Gari hupandishwa juu, waamuzi wakachungulia uvunguni kutafuta tope, mafuta yanayovuja na kutu. Kisha hutazama injini, viti na hata ndani ya buti. Niliona gari lenye rangi ya kupendeza likipunguziwa alama kwa uchafu ambao sisi watazamaji tusingeuona kamwe.

Watoto walisimama mbele ya Peugeot 404 nyeupe, yenye gia kwenye usukani. Mwenyewe, mzee mchangamfu, akawaeleza kwamba gari la aina hiyo ndilo lililoshinda Safari Rally mwaka 1968, mwaka ambao magari saba tu ndiyo yaliyofika mwisho. Kisha akasema, "Gari haliharibiwi na safari, wanangu. Huharibiwa na kusimama."

Mwanangu wa miaka tisa akamgeukia baba yake. "Baba, hili si kama lile la babu? Mbona lile letu limeota majani?"

Baba yake hakuwa na jibu.

Baba mkwe wangu alipofariki, nyumba na mali nyingine ziligawanywa kwa utaratibu. Warithi walikuwa watoto wake watatu, wanaume wawili na wifi yangu, kwa kuwa mama yao alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Gari likaachwa chini ya mkungu pale Kisauni. Kila mmoja aliona uchungu kulitaja, na hewa ya chumvi haikumsubiri mtu. Wageni wakiuliza, tulisema limewekwa kwa heshima ya mzee.

Adhuhuri ilipoingia tulitandika mkeka pembeni tukaswali. Mume wangu hakuinuka upesi. Akaniambia, "Heshima gani hii tuliyompa baba, ya kuliachia kutu gari lake?"

Hapo ndipo nilipopata ulimi. Nilimwambia, "Na dada yako je? Ana haki yake mle."

Dada zangu, nakiri kosa langu. Wifi yangu alinidokeza jambo hilo mara moja tu, wakati alipokuwa akihangaikia karo ya mwanawe. Nilimsikia, nikabadilisha mazungumzo. Nilichelea kuitwa mke aliyeingilia mirathi ya watu.

Tuliporudi, mume wangu aliwaita nduguze, akamleta na fundi wa bodi. Fundi alilala chini akachungulia kama wale waamuzi. Sakafu upande wa dereva ilikuwa imetoboka, lakini injini ingali nzima. Alilikadiria shilingi 100,000 kama lilivyo. Hesabu haikuwa ngumu: mafungu matano, mawili kwa kila ndugu mwanamume na moja kwa dada yao. Mume wangu akaamua kuyanunua mafungu ya wenzake. Shemeji alikubali kulipwa 40,000 zake kidogo kidogo. Wifi alipewa 20,000 zake palepale, mbele yetu sote.

Alizishika kwa muda pasi na kuzihesabu. Kisha akasema, "Sikunyamaza kwa kuwa sikuzihitaji. Nilichelea kuambiwa nauza kumbukumbu ya baba."

Hakuna aliyemjibu. Karo ile alikwisha kuilipa, kwa kuuza bangili zake.

Kitabu cha gari bado kina jina la marehemu, na itatubidi tupitie kwa kadhi kabla ya kulibadilisha. Kuhusu matengenezo, fundi ametuonya kuwa ni kazi ya miezi, na huenda gari hilo lisifike Ngong maishani mwetu. Lakini majani yameshafyekwa, na mwanangu kila jioni humshikia fundi taa.

Aghalabu katika nyumba zetu pana kitu kilichosimama hivyo: cherehani ya mama, kiwanja, dhahabu iliyofungwa kitambaani. Tunakiita kumbukumbu, na pengine ndani yake mna haki ya dada au ya mjane anayeona haya kusema. Basi tusimngoje aseme. Wiki hii, mkikutana kwa chakula cha Ijumaa, mmoja wenu aulize. Na ikiwa umewahi kudokezwa ukabadilisha mazungumzo, kama mimi, basi wa kuuliza ni wewe.

Wassalaam.