Uongozi wa Muuguzi wa Zamu

Neno "uongozi" likitajwa hospitalini, mara moja twamfikiria mganga mfawidhi au muuguzi mkuu, mwenye ofisi na muhuri. Ndugu wapendwa, fikra hiyo yatupasa kuiacha. Saa nane za usiku hao wote wamelala. Anayeongoza wodi ya wazazi ni mkunga wa zamu, mara nyingi kijana, pengine peke yake, na uamuzi wake ndio uamuzi wa kituo.

Tutazame karatasi moja tu, ile ambayo wakunga huiita patografu. Mwaka 1972 watafiti Philpott na Castle, waliokuwa wakifanya kazi Rhodesia (leo Zimbabwe), walichapisha chati ya uchungu yenye mistari miwili: wa tahadhari, na wa kuchukua hatua, saa nne mbele yake. Waliwalenga hasa wakunga wa vituo vya mbali visivyo na daktari. Mlango wa kizazi ukichelewa kufunguka, alama huvuka mstari, na mkunga ana haki ya kusema: mama huyu apewe rufaa sasa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya mwaka 2020, usio na mistari hiyo. Wajibu wa kupima na kuandika kwa wakati umebaki palepale.

Hata hivyo, wauguzi wenyewe wanajua kwamba yapo mahali ambapo karatasi hii hujazwa mtoto akishazaliwa, ili faili lipendeze machoni pa mkaguzi. Huo ni ushahidi wa uongo. Namba zilizotungwa asubuhi hazikumsaidia mama usiku, na mtoto akifa, zinawanyima wazazi haki ya kujua yaliyotokea.

Lakini tusikimbilie kumlaumu muuguzi, kama tulivyozoea nje ya kanisa baada ya Misa. Mtu mmoja hawezi kusikiliza mapigo ya moyo ya watoto sita kila nusu saa, azalishe, ashone, apokee wanaobisha hodi, na kuandika yote. Hapo ndipo taaluma na uongozi hukutana. Muuguzi mwaminifu huandika alichopima. Asichopima hukiacha wazi, kisha hueleza sababu katika kitabu cha zamu: wazazi sita, mkunga mmoja. Nafasi hiyo tupu humshtaki mwajiri. Karatasi iliyojazwa kwa uongo humfichia upungufu wake, na mwaka ujao wodi ile itaonekana kuwa na watumishi wa kutosha.

Kuandika hivyo kwataka ujasiri, kwa kuwa msema kweli huitwa mkorofi. Twaona si haki kumdai muuguzi ujasiri huo huku sisi tukimwacha peke yake. Ninyi viongozi wa walei mlio wajumbe wa kamati za zahanati na vituo vya afya, kikao kijacho, mkimaliza habari za paa na rangi (ambazo huchukua nusu ya siku!), ulizeni usiku wa mwezi uliopita ulikuwa na wazazi wangapi kwa wakunga wangapi. Mafaili ya wagonjwa msiyaombe, hayo ni siri yao. Hospitali zetu za Kanisa nazo ziulizwe vivyo hivyo, tena kwanza. Jibu liandikwe katika kumbukumbu za kikao, na muuguzi aliyeutaja upungufu huo asihamishwe kwa sababu hiyo.