Chai ya Jumuiya Inatutenga
Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Nimepewa ukurasa huu nitoe maoni kuhusu imani na upendo, nami nitayatoa bila kuficha. Sisi Wakatoliki tuna jumuiya ndogo ndogo. Mwaka wa 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki walikutana Nairobi wakakubaliana kwamba Kanisa lijengwe kuanzia huko, kwa majirani. Watu hukutana nyumbani kwa zamu, husoma Injili ya Jumapili ijayo, huombeana na kujuliana hali. Mgonjwa hutembelewa, aliyefiwa huchangiwa. Binafsi naona hapo ndipo imani hupimwa hasa, maana ni vigumu kujifanya mtakatifu mbele ya jirani anayekusikia ukigombana na ndugu zako kila jioni.

Lakini kuna chai! Mama huniambia kwamba hapo awali ilikuwa chai ya rangi tu, tena kwa apendaye. Siku hizi mtaani kwetu zamu yako ikifika ni chai ya maziwa na mandazi, na wengine hupika hata chapati kwa ndengu. Hakuna sheria iliyoandikwa, ila nani atakubali kuwa wa kwanza kutoa maji matupu? Basi utaona vituko. Huyu zamu yake ikikaribia anapata safari ya ghafla. Yule ana wageni. Mwingine ati anauguza, na huyo mgonjwa tumemwona sokoni akiuza sukuma wiki. Watu hucheka. Mimi sioni cha kuchekesha. Mtu huyo anasema uongo kwa sababu sisi wenyewe tumetia bei mlangoni pake.

Hebu tumtazame Anania na mkewe Safira katika Matendo ya Mitume. Wengi hudhani waliadhibiwa kwa uchoyo. La hasha! Petro alimweleza Anania waziwazi kwamba shamba lilikuwa lake, na hata baada ya kuliuza fedha zilikuwa zake. Kosa ni kuwa alileta sehemu akajifanya ameleta zote. Muda si mrefu kabla ya hapo Barnaba alikuwa ameuza shamba lake na kukabidhi fedha kwa mitume. Nadhani (Biblia haisemi hivyo, ni mawazo yangu tu) Anania aliona haya kuonekana mdogo kando ya Barnaba. Penye mashindano ya kutoa, uaminifu hauna maisha.

Najua wapo watakaonipinga waseme ukarimu ni mila yetu Waafrika, mgeni haondoki na kinywa kikavu. Ni kweli kabisa. Basi chai na iwe ya wote: huyu aje na majani, yule sukari, na kwa yule mama asiye na viti tubebe vya kwetu. Yakobo katika waraka wake aliwakemea waliomkalisha tajiri pazuri na kumwambia maskini akae chini. Sisi hatumkalishi maskini chini. Kwake hatufiki kabisa.

Na tusinyooshee wazazi kidole peke yao. Hata chama chetu cha Wakristo hapa shuleni kina ugonjwa uo huo. Mchango wa kwenda rali ukikusanywa, majina husomwa kwa sauti pamoja na shilingi za kila mtu. Sisi ni wa kutwa, twajuana. Kuna anayekuja shule kwa miguu alfajiri, kisha anasomewa shilingi zake kumi mbele ya watu, tena kuna wanaoguna. Juma linalofuata ukimuuliza mbona hakuja chamani, atakuambia ana hesabu za kumalizia.

Nimependekeza kikapu kifunikwe na majina yasisomwe tena. Mweka hazina, ambaye tunaketi dawati moja, anasema ati vitabu vyake havitalingana. Nimemwambia nitabaki naye Ijumaa baada ya gwaride tuhesabu pamoja.