Cheni Mpya Haitaki Gia Kuukuu

Ukurasa huu si wa magari, lakini embe lisilofika Kongowea halina tofauti na embe lililoliwa na wadudu. Kwa ajili hiyo nataka kutoa shauri juu ya pikapu kuukuu zinazotuchukulia nazi, maembe na mihogo kutoka Magarini na Ganze, hasa zile Peugeot 504 zilizokuwa zikiunganishwa hapa Kenya hadi mwaka 2004. Gari hili lilishinda mashindano ya Safari mwaka 1975, na tena 1978. Ni sifa ya haki, lakini sifa haikazi cheni iliyolegea.

Ndani ya injini, upande wa mbele, mna cheni iliyounganisha gia mbili. Gia ndogo iko katika krankishafti. Gia kubwa, yenye meno mara mbili ya ile ndogo, iko katika kamshafti. Krankishafti ikizunguka mara mbili, kamshafti huzunguka mara moja, na valvu hufunguka na kufungwa kwa wakati wake. Pini za cheni zikilika, cheni hurefuka. Hapo valvu huchelewa, gari hukosa nguvu kwenye mwinuko, na asubuhi likiwashwa husikika mkwaruzo mbele ya injini. Cheni ikiruka meno, gari laweza kuzimika papo hapo, na katika injini nyingi valvu hugongana na pistoni.

Sasa hapa ndipo nisipopatana na wenye magari. Wengi hununua cheni peke yake, wakisema gia ni chuma, bado nzima. Mwenye baiskeli yeyote ajua kwamba cheni mpya juu ya meno yaliyochongoka huruka, tena haikawii kuisha. Mkulima mmoja wa upande wetu aliokoa fedha za gia mbili kwa njia hiyo. Msimu uliofuata mzigo wa maembe ulimlalia njiani siku mbili, na fundi akalipwa tena kufungua pale pale. Radieta, puli na kifuniko sharti vitolewe, ubadilishe kimoja au vyote; ujira ni ule ule.

Yafaa kununua vyote pamoja: cheni, gia mbili, kikazio cha cheni na sili ya oili ya mbele. Mpelekee mwenye duka gia za zamani, ahesabu meno mbele yako. Fundi akifunga, alama za gia zikae kama kitabu cha injini kinavyoonyesha, kisha aizungushe injini kwa mkono mizunguko miwili kamili, polepole, kabla ya kufunika. Ikikwama, asilazimishe. Mimi ni karani tu, lakini fundi akataaye kuizungusha kwa mkono nisingempa gari.

Na kazi hii ifanywe Agosti au Septemba, kabla ya maembe kuiva. Mwezi wa Desemba kila pikapu yatakiwa barabarani. Vikundi vyenye gari la pamoja vyaweza kuweka akiba ya vipuri hivi kidogo kidogo kutoka fedha za nazi, kwa kuwa nazi huanguliwa mwaka mzima.